Namib au Kalahari kwa gari ya 4x4: uanze na ipi?

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike. Kama mna gari moja na hamjawahi kuendesha kwenye mchanga mzito, nendeni Namib, kule Namibia. Kama mna magari mawili, mna watu wanaojua kulichimbua gari likizama, na kukaa siku mbili tatu bila kuona binadamu mwingine hakuwasumbui, basi Kalahari ya Botswana itawapa kitu ambacho Namib haina. Shida ni kwamba sisi tunaotoka Tanzania au Kenya kwa barabara tunaanza kukutana na Kalahari, yani ile ngumu ndo iko karibu, na watu wanaingia humo kwasababu tu ipo njiani. Ndo maana nimeona niandike hii kwa urefu kidogo.

Angalia ramani. Dar mpaka Lusaka kwa Tunduma ni kama kilomita 2,000, unaongeza zaidi ya 500 mpaka Kazungula. Pale zamani ilikua pantoni na malori yanapanga foleni siku kadhaa, ila tangu 2021 kuna daraja la mita 923 juu ya Zambezi, limepindishwa kabisa ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Ukivuka tu uko Botswana, unakamata lami kama kilomita 300 mpaka Nata, na Nata ndo mlangoni mwa Makgadikgadi, ile sakafu kubwa ya chumvi. Sasa kwenda Namib toka hapo hapo Kazungula, unapitia Ngoma, Katima Mulilo, unakata ukanda mrefu wa Zambezi ambao tembo wanavuka barabara muda wowote wanaotaka, Rundu, Grootfontein, ndo Windhoek, hiyo ni zaidi ya kilomita 1,300 nyingine na hapo bado jangwa lenyewe hujaligusa. Kwa hiyo mtu mwenye likizo ya wiki mbili tatu na gari lake mwenyewe anaangalia hizo kilomita anasema aah, Kalahari inatosha. Mimi nasema kama muda ni huo, bora upande ndege mpaka Windhoek ukodi gari pale lenye hema juu, friji, jiko la gesi na matairi mawili ya spea, kuliko kulichosha gari lako kilomita elfu tatu alafu uliingize kwenye mchanga peke yako.

Maana haya majangwa mawili kiuendeshaji hayafanani hata kidogo. Namib ni jangwa kavu la pwani, matuta ya mchanga, mawe, tambarare tupu, lakini barabara unayopita ni ya changarawe iliyopigwa greda, pana, inaonekana mpaka mwisho wa macho. Kalahari kwa jicho la mtu wa kwetu haionekani hata kama jangwa, ina nyasi, ina migunga, mvua inanyesha msimu wake, unaweza ukadhani uko Dodoma vijijini. Ila chini ya hizo nyasi ni mchanga mtupu, na maji ya juu ya ardhi hamna, mvua ikinyesha inazama yote. Kinachokutesa Namib ni umbali na mwendo kasi. Kalahari unateswa na ardhi yenyewe.

Tuchukue Namib kwanza. Njia ambayo wengi wanapita ni Windhoek kushuka mpaka Sesriem, kama kilomita 320, alafu Solitaire, unapanda na kushuka kona za Gaub na Kuiseb kwa barabara ya C14 mpaka Walvis Bay na Swakopmund, halafu pwani kwenda juu. Karibu yote hiyo unaweza kuimaliza bila kuweka gia ya 4x4 hata mara moja, ukitoa kipande kimoja. Ukiingia geti la Sesriem kwenda Sossusvlei kuna lami kilomita 60 katikati ya matuta, alafu lami inaisha kwenye parking ya magari madogo na zinabaki kama kilomita 5 za mchanga laini. Hapo ndo unaona magari yamekaa kwa tumbo. Cha kufanya ni rahisi, kabla hujaingia unashuka unapunguza upepo mpaka PSI 16 au 18, unaweka lo (gia nzito ya 4x4), unaingia kwa mwendo wa kutulia usiobadilika, na usishike breki ya ghafla, ukitaka kusimama achia mafuta gari lijisimamie lenyewe. Mchanga wa asubuhi na mapema umeshikana, wa mchana umelegea. Na hata ukizama, kuna watu, trekta zinapita, gari za kubebea wageni zinapita, utavutwa. Ni sehemu nzuri sana ya kujifunzia mchanga, sijaona nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Na Deadvlei, hapo hapo Sossusvlei, jamani, nendeni. Unaacha gari unatembea kwa miguu juu ya mchanga, alafu unashuka kwenye sakafu nyeupe ya udongo mkavu, imepasuka pasuka, na miti ya migunga imesimama imekufa tangu karne nyingi zilizopita, myeusi kama mkaa, haiozi kwasababu hewa haina unyevu wa kuiozesha. Nyuma yake tuta la Big Daddy, zaidi ya mita 300 kwenda juu. Ukilala kwenye kambi ya ndani ya geti unaruhusiwa kutoka mapema kuliko wanaolala nje, na hiyo saa moja ya ziada ndo inaamua kama utakuta kivuli cha jua likichomoza au utakuta joto na mabasi. Lipia ya ndani, usibane hela hapo.

Sasa hatari ya Namib. Watu wanaumia kule kwa kupindua magari, na gari linapinduka kwenye barabara ambayo inaonekana nzuri kabisa. Changarawe imenyooka, hamna gari mbele, hamna nyuma, unajikuta uko 110, kidogo inakuja kona au mchanga umejikusanya katikati, unakata usukani, matairi hayana cha kushika, gari lenye hema juu na madumu limeshakua zito kwa juu, linalala. Kampuni nyingi za kukodisha zimeweka mwisho 80 kwenye vumbi na wanaweka kifaa cha kupima spidi, ukizidisha bima yako imekufa. Mimi nakwambia hata 80 sehemu nyingine ni nyingi, 60 mpaka 70 inatosha. Shusha upepo kidogo, kama PSI 26 hivi, gari linashika na pancha zinapungua maana tairi lililojaa sana linakatwa na mawe makali. Ukipishana na gari punguza mwendo na kaa mbali, kioo cha mbele kinavunjika kwa jiwe moja tu. Usiendeshe usiku. Tandala ni mnyama mkubwa, anaruka, anaingia na kioo.

Mafuta Namib yapo ukiwa na nidhamu. Sheria ni kujaza kila ukiona pampu hata kama tenki liko nusu. Toka Solitaire mpaka Walvis Bay ni kama kilomita 230 ambazo hamna kituo, kwa hiyo pale Solitaire, penye magari ya kizamani yameoza nje na mkate wa tufaa wa kuoka ambao kila mpita njia anasimama kununua, unajaza tenki na unajaza tumbo. Ukifika pwani hali ya hewa inageuka kabisa, mkondo wa bahari wa Benguela ni wa baridi na asubuhi ukungu unafunika kila kitu, utavaa sweta jangwani. Barabara ya C34 toka Henties Bay kwenda Cape Cross kwenye sili imejengwa kwa chumvi na udongo, ikiwa kavu ni kama lami, ukungu ukiilowesha inateleza vibaya, watu wanaidharau. Kama unataka kukatisha hifadhi ya Skeleton Coast toka geti la Ugabmund kutokea Springbokwasser unatakiwa uwe umeingia kabla ya saa 9 mchana, wakufungie nje ukalale wapi. Ukitokea huko uko Damaraland, kuna michoro ya kuchongwa kwenye mawe ya Twyfelfontein, zaidi ya 2,000, imeingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2007, na tembo wanaoishi jangwani kwenye mito mikavu. Hiyo mito mikavu ya Huab na Hoanib usiingie na gari moja, hapo Namib inaacha kuwa rahisi.

Kitu kingine naomba kwa moyo kabisa, usitoke nje ya njia. Kwenye zile tambarare za changarawe kuna kuvumwani (lichen) na mimea midogo midogo iliyoshikilia ardhi, inaishi kwa unyevu wa ukungu tu, ukipita juu yake na tairi ule mstari unakaa miongo na miongo. Unaonekana mpaka leo ule wa watu waliopita zamani. Ni kosa kisheria, lakini hata isingekua kosa, mtu anayepapenda pale hawezi kufanya hivyo.

Haya, Kalahari. Hapa nitakaa zaidi kwasababu ndo watu wanaidharau.

Central Kalahari ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1961, ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 52,800, Serengeti yetu inaingia humo zaidi ya mara tatu. Ndani hamna mafuta, hamna duka, hamna mtandao wa simu, hamna uzio kwenye kambi, na maji ya kunywa unabeba mwenyewe. Unaingilia geti la Matswere, kama kilomita 45 toka kijiji cha Rakops, na pale Rakops mafuta yanaweza kuwepo na yanaweza yasiwepo, kwa hiyo jazia Maun au Letlhakane na uwe na madumu. Hesabu ya mafuta ya lami usiilete humo. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami linaweza kwenda 18 mpaka 20 kwenye mchanga mzito, na utakua unazunguka zunguka kutafuta wanyama. Mimi naona uingie ukiwa na uwezo wa kwenda kilomita 800 mpaka 1,000. Maji lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, alafu juu yake weka ya siku mbili ambazo hukuzipanga. Ndo hizo zitakuokoa ikitokea gari limegoma.

Njia zenyewe ni mistari miwili ya matairi kwenye mchanga na katikati kuna mgongo wenye nyasi. Gari fupi linakaa kwenye huo mgongo, matairi yananing'inia, ndo hapo utajua kwanini watu wanataka Land Cruiser mkonga au Hilux iliyoinuliwa badala ya gari zuri la mjini lenye four-wheel ya kubonyeza. Lakini mgongo una hatari nyingine ambayo mtu hakuambii mpaka uone. Baada ya mvua zile nyasi zinapanda mpaka usawa wa boneti, zikikauka zinakua na mbegu. Ukipita zinapukutika mbele, zinajaza rediata mpaka hewa haipiti, injini inachemsha. Na za chini zinajisokota juu ya bamba la kukinga injini, pembeni ya ekzosi, zinakauka zaidi, zinashika moto. Magari yameungua kabisa kule kwa ajili ya nyasi tu. Kwa hiyo mbele ya rediata unafunga wavu mwembamba, hata neti ya dirisha inafaa, na kila nusu saa au chini ya hapo unasimama, unalala chini kwa mgongo na waya uliokunjwa ncha, unachomoa nyasi juu ya ekzosi mpaka uone chuma kitupu. Mkono uvae glovu kwasababu pale ni moto. Zima moto iwe karibu na dereva, isiwe chini ya mabegi. Ukiona harufu ya majani yanayoungua huulizi, unasimama.

Msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, kinakuja kitu kingine kabisa. Mabonde kama Deception Valley na Passarge yana udongo wa mfinyanzi, ukilowa ni utelezi na tope linaloshika gari mpaka ekseli. Ila huo ndo wakati mzuri wa wanyama! Nyasi fupi za mabondeni zinachipua, choroa na springbok wanakuja kwa mamia, duma na simba wa manyoya meusi wanawafuata, mawingu ya jioni yanajaa mbingu nzima. Namib kilele chake ni kiangazi chenye baridi, Mei mpaka Septemba, huna cha kuwaza. Kalahari inakulazimisha uchague, mvua yenye wanyama wengi na tope, au kiangazi chenye njia kavu, mchanga uliolegea, wanyama wametawanyika na usiku wa Juni na Julai ambao maji kwenye chupa yanaganda. Blanketi za kweli, jamani, mfuko wa kulalia wa kitambaa chepesi utakesha umekaa kwenye gari umewasha hita.

Na usiku huko. Kambi ni duara la uwazi kwenye vichaka, choo cha shimo na ndoo ya kuogea ya kuning'iniza, kambi ya jirani iko kilomita kadhaa. Simba ananguruma na unausikia mtetemo kwenye kiti. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea hifadhi zenye magari ishirini kwa chui mmoja, pale unaweza kukaa na simba saa nzima ukiwa mwenyewe. Hicho ndo kitu ninachosema Namib haina. Usitembee usiku mbali na moto, watoto wasitoke kwenye gari, chakula na viatu visibaki nje maana fisi na bweha wanabeba.

Nisipite bila kusema hili: ile hifadhi ni nyumbani kwa Wasan, walikuwepo kabla ya mipaka yote, waliondolewa, wakaenda mahakamani na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Botswana ikasema waliondolewa kinyume cha sheria. Mwaka 2011 wakashinda na kesi ya haki ya kutumia visima vyao. Ukipita kwenye vijiji ndani ya hifadhi, pita kwa heshima, salimia, usipige picha watu kama vile ni sehemu ya utalii wako.

Makgadikgadi ipo upande huo huo ila ni mtihani tofauti. Ni sakafu ya ziwa la kale, chumvi nyeupe mpaka upeo, na Lekhubu ni kilima cha mawe ya graniti chenye mibuyu kimesimama katikati ya weupe huo, sisi tunaojua mbuyu tangu utotoni tukiuona pale tunausalimia kama ndugu. Kambi inaendeshwa na wanakijiji wenyewe. Hatari yake ni gamba la juu, limekauka, linang'aa, linakuita ukimbize gari, kumbe chini yake ni tope la mpaka kwenye milango. Ukizama katikati ya pan, yani hiyo sakafu ya chumvi, hamna mti wa kufungia winchi, hamna jiwe, hamna kivuli. Fuata alama za matairi zilizopo tu, nenda kiangazi kilichokomaa kama Agosti au Septemba, na kama kuna maji yanaonekana mbele, geuza. Kwa gari moja lenye dereva makini, Lekhubu wakati wa ukavu inawezekana, ndo kipande cha Kalahari ninachoweza kumruhusu mtu wa mara ya kwanza.

Kuna watu wataniuliza kuhusu Kgalagadi, ile hifadhi ya pamoja ya Afrika Kusini na Botswana iliyofunguliwa mwaka 2000. Nafikiri ndo jibu la mtu anayetaka simba wa Kalahari bila mateso ya Kalahari. Upande wa Afrika Kusini una kambi zenye uzio, mafuta na duka, unaendesha kwenye mabonde makavu ya Auob na Nossob, hata gari la kawaida lililonyanyuka linapita. Upande wa Botswana, Mabuasehube, ni mchanga na kambi wazi kama kule juu. Ukitaka kuingilia nchi moja na kutokea nyingine lazima ulale ndani angalau usiku mbili, na Mata-Mata inakutoa Namibia moja kwa moja. Tatizo kwetu ni umbali tu, iko chini sana.

Upande wa hela, Namib unaweza kuipanga kwa bajeti, unachanganya kambi, nyumba za wageni za mashambani na supamaketi za Swakopmund, na Mtanzania ana faida ya SADC, viingilio vya hifadhi za Namibia kwa raia wa nchi za SADC viko chini kuliko vya wageni wengine, onyesha pasipoti getini. Randi inapokelewa kote Namibia sawa na dola yao. Botswana ni ghali zaidi na hela yake kubwa inaenda kwenye kambi na viingilio, alafu kambi za Central Kalahari lazima ziwe zimelipiwa kabla, ukifika getini bila buking unarudishwa, na kutoka pale kurudi ulikotoka sio safari fupi. Nchi zote mbili zina uzio wa kuzuia magonjwa ya ng'ombe, ukivuka upande wanaoulinda nyama mbichi inachukuliwa, kwa hiyo nunua nyama baada ya kizuizi.

Kwa anayeenda na gari lake: usukani wetu wa kulia unafaa kote, wote wanaendesha kushoto. Beba kadi ya gari ya asili, na kama gari lina mkopo barua ya benki inayoruhusu litoke nchini. Yellow Card ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvukia mipaka, inakufikisha Zambia tu, Botswana unanunua bima yao na ushuru wa barabara mpakani, Namibia unalipa ada ya gari la kigeni. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano weka kwenye pasipoti.

Na ukiwa na mwezi mzima usichague, zunguka. Ingia kwa Kazungula, Nata, chungulia Lekhubu kama ni kiangazi, Maun, Ghanzi, kamata lami ya Trans-Kalahari mpaka Mamuno, Windhoek, shuka Sesriem ujifunze mchanga pale kwenye kilomita 5, panda pwani, Damaraland, Etosha, rudi kwa ukanda wa Zambezi. Central Kalahari iache kwa safari inayofuata, na kuanzia sasa tafuta mwenye gari la pili.